Ratiba ya picha za harusi: Asubuhi mpe nyanya, jioni ujipe wewe

KAMA harusi yako iko Homa Bay au Migori mwaka huu, najua kamati imeshabishana kuhusu hema, ng'ombe wa kuchinjwa, sare za wapambe na DJ atakayepiga ohangla mpaka vumbi lipande. Swali ambalo pengine hakuna aliyeliuliza ni hili: picha zitapigwa saa ngapi?

"Si mpigapicha atakuwepo siku nzima?" Hilo ndilo jibu utakalopewa. Ndiyo, atakuwepo. Lakini mwanga mzuri hautakuwepo siku nzima, na nyanya yako naye hatakuwepo siku nzima. Hao wawili, jua na nyanya, ndio wanaofaa kukupangia ratiba. Keki inaweza kungoja.

Tangu niachane na chuo nikiwa mwaka wa pili, Jumamosi zangu nyingi zinaishia kwenye harusi za huku kwetu, nimeshika taa au kamera ya pili nyuma ya mpigapicha mkuu. Nimeona harusi za pesa nyingi zikitoka na picha za ovyo, na harusi za michango midogo zikitoka na albamu ambayo ukoo mzima unaigombania. Mara nyingi tofauti si kamera. Ni karatasi moja iliyoandikwa saa. Kwa hivyo shika kalamu, tuipange pamoja.

Jua halisomi ratiba ya mtandaoni

Wengi wetu tunatoa ratiba mtandaoni, tunabadilisha majina na kuituma kwenye grupu la WhatsApp la kamati. Shida ni kwamba nyingi ziliandikwa na watu wa Uingereza au Marekani. Mjini London, mwezi Juni jua hutua saa tatu usiku imeshapita, na Desemba linazama kabla hata saa kumi haijafika. Ndiyo maana utaona ratiba ya huko imeandika "picha za maharusi baada ya chakula cha jioni". Ukiifuata hiyo Homa Bay, utapigwa picha ukiwa na mbu na giza.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima. Novemba hutua mapema, karibu na saa kumi na mbili na nusu. Februari huchelewa mpaka karibu saa moja kamili. Agosti, mwezi ambao wasee wa Nairobi wanakuja nyumbani kufunga ndoa, ni kama saa kumi na mbili na dakika 50. Na likishazama, limezama. Ndani ya dakika 20 hivi mwanga umekwisha, hata umwambie MC aombe.

Kuna jambo jingine ambalo wapigapicha kutoka mbali hulisahau. Kenya nzima tunatumia saa moja, lakini jua linatoka mashariki kwenda magharibi bila kuangalia saa ya mtu. Homa Bay iko magharibi sana kuliko Mombasa, kwa hivyo jua hufika utosini kwetu kama dakika 20 baada ya kufika utosini kule. Huku adhuhuri ya kweli iko karibu na saa saba kasorobo. Piga hesabu: ibada imeanza kwa kuchelewa, mahubiri yamenoga, mnatoka kanisani saa saba. Mmetoka wakati jua ni kali kuliko saa zote, na hapo ndipo kila mtu anataka picha.

Jua la utosini linakuchorea vivuli vyeusi kwenye macho kama miwani ya jua. Halafu kuna gauni jeupe na ngozi yetu nyeusi kwenye fremu moja. Kamera ikifuata gauni, uso unakuwa giza. Ikifuata uso, gauni linaungua, na ile lesi uliyoilipia pesa nyingi inageuka karatasi nyeupe. Hata mpigapicha hodari anatoka jasho hapo.

Kwa hivyo siku yako ina madirisha mawili ya mwanga laini. Moja ni asubuhi, tangu jua lichomoze mpaka kama saa mbili na nusu. La pili ni jioni, kuanzia saa kumi na moja. Ushauri wangu ni mmoja, na makala yote haya yanauzunguka: dirisha la asubuhi ni la wazee, dirisha la jioni ni lenu nyinyi wawili. Katikati, ingieni kivulini.

Asubuhi ni ya nyanya

Fikiria bibi harusi anatoka Awendo na kanisa liko Homa Bay mjini. Nyanya yake ana magoti mabovu. Kamati imeshamwekea kiti kwenye gari la tatu. Lakini atakaa garini zaidi ya saa nzima, akae kanisani saa mbili, kisha akae hemani kwenye joto akingoja maharusi warudi kutoka kupiga picha. Ikifika saa tisa, mtu atasema, "Hebu mpelekeni nyanya akapumzike." Saa kumi ndipo MC ataita picha ya familia. Nyanya hayupo.

Wakati mwingine hata gari hapandi. Anabaki nyumbani, anabariki mlangoni, msafara unaondoka ukipiga honi.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakisemwi kwenye mikutano ya harusi. Huku kwetu mzee akifariki, kazi ya kwanza kwenye grupu la familia ni kutafuta picha. Picha ya kuweka kwenye kitabu cha mazishi, picha kubwa ya kuweka kando ya jeneza. Watu wanafukua simu zao. Na mara nyingi kinachopatikana ni kipande kilichokatwa kutoka picha ya harusi ya mtu: nyanya yuko pembeni, amefumba macho kwa sababu ya jua, na bega lake lina mkono wa mtu ambaye ameshakatwa. Umeshaiona picha kama hiyo. Pengine iko ukutani kwenu.

Harusi yako inaweza kuwa siku ya mwisho kwa wazee wa pande zote mbili kuvaa vizuri na kukaa mbele ya kamera nzuri. Sisemi hivyo kukutia huzuni. Nasema ili uandike kwenye ratiba: dakika 30, nyumbani, kabla msafara haujaondoka.

Inafanyika hivi. Bibi harusi awe amevaa kufikia saa moja na nusu. Toa kiti nje, upande wa nyumba wenye kivuli, au chini ya mwembe, ukiangalia uwanja ulio wazi ili mwanga uingie usoni. Usimpige mzee picha akiwa amegeukia jua moja kwa moja. Apigwe kwanza peke yake, amekaa vizuri, leso yake na fimbo yake, bila mtu kumshika bega. Kisha na bibi harusi. Kisha na watoto wake. Kisha na wajukuu wote. Picha nne tu, na kama zitachukua nusu saa, ni nusu saa iliyotumika vyema.

Upande wa bwana harusi pia, hivyohivyo. Kama mna mpigapicha mmoja tu na nyumba ziko mbali, mpatie ndugu mmoja mwenye simu nzuri kazi hiyo rasmi, na umwelekeze mahali pa kivuli. Simu ya leo asubuhi kwenye mwanga mzuri inashinda kamera ghali saa saba mchana.

Na kama ni familia ya Kiluo na ayie bado haijafanyika, usiichukulie kama siku ya kupiga picha za simu tu. Wazee ambao hawatafika kanisani mara nyingi huwa hapo, sebuleni, wametulia. Tafuta mpigapicha hata kwa saa mbili.

Barabara ina ratiba yake

Migori na Homa Bay kwenye ramani ni majirani. Kwenye msafara wa magari kumi yenye riboni ni hadithi nyingine. Kutoka Migori unapanda barabara kuu inayotoka Isebania, unapita Awendo, unafika Rongo, ndipo unakata kwenda Homa Bay. Karibu na Awendo unaweza kukwama nyuma ya trekta za miwa. Kuna anayesimama kununua maji, kuna anayengoja shangazi aliyesahau mkoba, na kuna dereva anayetaka kupita wote akipiga honi.

Chukua muda ambao gari moja linatumia siku ya kawaida, uongeze nusu yake. Kama familia inatoka mbali zaidi, tuseme Kehancha au Muhuru Bay, waambie walale karibu. Na tafadhali, msisimame katikati ya barabara kuu kupiga picha za msafara. Lori halijui kama leo ni siku yako.

Kwa mpigapicha, sheria ni moja: aondoke dakika 15 kabla ya msafara. Akija nyuma yenu, hatapata picha ya bibi harusi akishuka garini, na hiyo haiwezi kurudiwa.

Kanisani: uliza mapema

Wiki mbili kabla, nenda na mpigapicha kwa padri au mchungaji. Ulizeni mambo matatu: flashi inaruhusiwa? Mpigapicha anaweza kufika umbali gani kutoka madhabahuni? Cheti kinatiwa sahihi wapi? Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mashahidi wawili, kwa hivyo si nyinyi wawili tu mtakaoinama kwenye meza hiyo. Wekeni dakika 15 na hakikisheni meza haiko kona yenye giza.

Kama ni Waadventista, na huku Nyanza Kusini ni wengi tangu misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay ianze 1906, basi Jumamosi ni Sabato. Harusi itaenda Jumapili au siku nyingine. Maana yake kwa picha ni kwamba huwezi kupanga kukagua kanisa au kupamba hema Jumamosi mchana. Kazi hizo zifanyike Alhamisi au Ijumaa kabla jua halijatua, ama zingoje Jumamosi usiku. Mpigapicha kutoka nje asipoambiwa, atakuja Jumamosi saa nane kutafuta mwenye funguo na hatampata mtu.

Orodha ya makundi, na binamu mwenye sauti

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Kupiga picha ya kundi moja huchukua dakika moja. Kuwakusanya watu huchukua tatu. Mjomba yuko kwa parking, wapambe wanatengeneza viatu, kwaya imeanza kuimba tena.

Andika makundi kumi, yasizidi. Wazazi wa bibi harusi. Wazazi wa bwana harusi. Wazazi wote. Ndugu wa kila upande. Shangazi na wajomba. Wapambe. Wasimamizi. Kwaya au wenzako wa kanisani. Marafiki wa kazini na shuleni. Dakika nne kila kundi, hizo ni dakika 40. Kamati, chama cha mama na mabinamu wa Nairobi watapigwa hemani, MC akiwaita.

Orodha hiyo usimpe mpigapicha. Hamjui Baba Atieno ni yupi. Mpe binamu ambaye anajua watu wa ukoo kwa sura na haogopi kuwapigia kelele. Apate mmoja kila upande. Kama kuna waliokosana, mjulishe binamu siri hiyo mapema, asije akawapanga bega kwa bega.

Mahali? Kivulini. Upande wa kanisa ambao jua halifiki, chini ya mti mkubwa, au barazani. Hapana, si kwenye zile ngazi za mbele zinazoungua na jua, hata kama kila harusi ya mtaa imepigwa hapo.

Na kuhusu hema: kodi nyeupe. Hema la bluu linawapaka watu wote bluu, jekundu linawapaka wekundu, na hakuna programu ya simu itakayorudisha uso wa mama yako sawasawa.

Njaa, mheshimiwa na mvua

Wageni wenye njaa hawatabasamu. Ambia kamati chakula kianze kugawiwa mara tu wageni wanapoketi. Wasiwangoje nyinyi. Na mpigapicha naye ale, kwenye sahani halisi, wakati nyinyi mnakula. Hakuna anayetaka picha za watu wakitafuna.

Halafu kuna mheshimiwa. Atakuja. Hakuna ajuaye saa ngapi, lakini akifika, programu itasimama, maikrofoni itachukuliwa na picha zitapigwa. Usipigane na hilo. Iweke kwenye ratiba kabisa: dakika 20 za mheshimiwa, popote zitakapoangukia. Asipokuja, umezipata bure.

Mvua nayo ni mgeni wa kudumu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba, na ukanda huu wa mashariki mwa ziwa hupenda ngurumo za alasiri. Asubuhi anga ni safi kabisa, saa tisa mawingu yanapanda. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwamaliza wazee asubuhi. Kwa picha za jioni, uwe na mahali pa pili penye paa na uwazi: baraza la hoteli, ukumbi wa kanisa wenye madirisha makubwa. Na betri zote zichajiwe usiku wa kuamkia harusi, maana stima ikipotea haimuulizi mtu.

Jioni ni yenu

Saa kumi na moja na robo, maharusi watoke hemani na mpigapicha, wasimamizi wawili na dereva. Basi. Msiende na msafara. Saa moja ya watu wachache itawapa picha mtakazozitundika sebuleni.

Mahali pawe karibu, dakika kumi au 15. Ukiwa Homa Bay, una ziwa na una Got Asego, ule mlima uliochongoka kama kofia karibu na mji. Ukiwa Mbita, unavuka daraja mpaka Rusinga bila kungoja feri, na upande wa magharibi wa kisiwa unalitazama jua likitua. Ukiwa Awendo au Migori, mbali na ziwa, usilie. Njia ya mashamba ya miwa saa kumi na mbili jioni inang'aa kama dhahabu. Omba ruhusa ya mwenye shamba tu.

Nenda ukapaangalie wiki moja kabla, saa ileile. Na angalia tena asubuhi ya harusi, kwa sababu ya magugu maji. Upepo unayasukuma atakavyo: leo maji ni safi, kesho ufuo wote ni kijani kibichi.

Mkitaka kupanda mashua kwenda Takawiri au Mfangano kwa picha, fanyeni siku nyingine na mvae jaketi za kuokolea. Upepo wa ziwani huzidi alasiri, na gauni refu na mawimbi haviendani. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, ambazo UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia 2018, na mbuga ya Ruma zinafaa pia, lakini kwa picha za kabla ya harusi. Pigeni simu kwanza muulize ada na ruhusa.

Droni je? Tangu kanuni za 2020, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, na anayeirusha kikazi anahitaji kibali. Homa Bay kuna uwanja mdogo wa ndege wa Kabunde, kwa hivyo usichukulie mambo rahisi. Mwambie mwenye droni akuonyeshe karatasi zake kabla hujamlipa.

Ratiba yenyewe

Huu ni mfano wa Agosti, bibi harusi anatoka Awendo, kanisa na sherehe Homa Bay. Badilisha majina ya mahali, usibadilishe madirisha mawili.

Saa 11.00 alfajiri: Nywele na vipodozi vinaanza.
Saa 12.45 asubuhi: Mpigapicha anafika. Gauni, pete, viatu, kadi.
Saa 1.30: Bibi harusi amevaa.
Saa 1.45 hadi 2.15: Wazee, kivulini, nyumbani.
Saa 2.15: Mpigapicha anatangulia.
Saa 2.30: Msafara unaondoka.
Saa 4.00: Kufika kanisani, kupumua.
Saa 4.30: Ibada.
Saa 6.30 mchana: Sahihi.
Saa 6.45 hadi 7.30: Makundi kumi, kivulini.
Saa 8.00: Maharusi wanaingia hemani. Wageni tayari wanakula.
Saa 9.00: Keki, hotuba, zawadi, na zile dakika 20 za mheshimiwa.
Saa 11.15 jioni: Maharusi wanatoka kimyakimya.
Saa 11.30 hadi 12.30: Picha zenu wawili.
Saa 12.50: Jua linatua. Rudini mcheze.

Ikiwa harusi ni Novemba, rudisha picha za jioni nyuma kwa nusu saa. Na ibada ikichelewa, kama itakavyochelewa, kata hotuba. Usikate saa ya jioni, na ile ya wazee itakuwa imeshapita salama.

Wiki hii fanya mambo matatu. Mpigie mpigapicha umuulize kama anaweza kufika saa 12.45 asubuhi na ataongeza pesa ngapi. Chagua binamu wawili wa orodha. Halafu mpigie nyanya. Mwambie asubuhi ya harusi avae mapema, kwa sababu picha ya kwanza ya siku hiyo ni yake.